Potasiamu katika chungu cha nyumbani: nani azidishe, nani apunguze?



Wapenzi wasomaji, wiki hii tulikuwa tumekusudia kuzungumzia namna ya kuhifadhi maembe, lakini barua moja imetulazimu tuyaweke maembe kando. Imetoka kwa dada mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, mkaza mwana katika nyumba ya watu saba. Mumewe ana shinikizo la damu tangu miaka mitatu iliyopita. Mavyaa wake, ambaye ndiye aliyemfunza kukuna nazi na kupima chumvi kwa jicho, ana maradhi ya figo, ingawa hajafikia hali ya kusafishwa damu kwa mashine.

Dada huyu alihudhuria darasa la kinamama na kumsikia mzungumzaji akizisifu ndizi, madafu, mchicha na tende kwa kuwa zina madini ya potasiamu, na kwamba madini hayo hushusha presha. Alirudi nyumbani na hamasa. Kila asubuhi akawa anasaga ndizi mbili, parachichi moja na tende kubwa sita, akaigawa juisi hiyo gilasi mbili, moja ya mumewe na moja ya mavyaa wake. Alasiri akawaletea madafu. Presha ya mume ikaanza kutulia. Mavyaa, baada ya wiki tatu, akawa analalamika kwamba miguu haina nguvu. Alipopelekwa kliniki na damu kupimwa, alilazwa usiku uo huo, kwa sababu potasiamu ilikuwa imepanda hadi kiasi cha kuutishia moyo.

“Nilimpa kwa mapenzi,” anatuandikia dada yetu, “na sasa naogopa hata kumkatia chungwa. Je, niwe nawapikia vyungu viwili?”

Bi mkubwa amesharudi nyumbani, alhamdulillahi, na barua inasema ameanza kuulizia mambo ya jikoni, jambo ambalo ni dalili njema. Kwa dada yetu tuna neno moja kabla ya mengine. Hukumdhuru mavyaa wako kwa uzembe. Ulichofanya ndicho wafanyacho maelfu ya kinamama wanaposikia kuwa chakula fulani ni dawa. Na mzungumzaji wa darasa lile naye hakusema uongo. Alisema nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayozunguka katika simu zetu kila kukicha. Leo tutajaribu kuzisema nusu zote mbili.

Tuanze na jina, kwani lina asili ambayo wengi wetu tutaitambua. Katika karatasi ya maabara potasiamu huandikwa kwa herufi moja tu, K. Herufi hiyo ni kifupi cha “kalium”, nalo neno hilo limetokana na Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Zamani watu walichoma mimea, wakayalowesha majivu yake, kisha wakayachemsha maji hayo chunguni mpaka yakakauka na kubakisha unga mweupe wa kufanyia sabuni na vioo. Ni kutokana na unga wa namna hiyo ndipo Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, alipoitenga potasiamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1807. Tumekitaja kisa hiki kwa sababu kinatoa picha ambayo mpishi ataihitaji: kila mmea una potasiamu ndani yake; mmea ukiungua, potasiamu hubaki majivuni, na ukichemshwa, sehemu yake hutoka ikaingia majini. Tutayarejea maji hayo baadaye.

Katika mwili wa binadamu, takriban asilimia 98 ya potasiamu hukaa ndani ya seli, na ile sehemu ndogo iliyobaki ndiyo huzunguka na damu. Sodiamu, ambayo sisi huila zaidi katika chumvi, hukaa aghalabu nje ya seli. Tofauti hiyo baina ya ndani na nje ndiyo huiwezesha mishipa ya fahamu kupeleka habari, misuli kukaza na kulegea, na moyo kupiga kwa mpangilio. Kwa hiyo damu haivumilii mabadiliko makubwa. Kipimo cha kawaida cha K kwa mtu mzima huwa baina ya 3.5 na 5.0, na kila maabara huandika mipaka yake pembeni mwa jibu. Kikishuka mno, mtu huchoka, misuli hukakamaa, choo huwa kigumu na moyo hudunda ovyo. Hali hii huwapata sana waliotapika au kuharisha kwa muda, na ndiyo sababu ile chumvi ya pakiti ya kuwanywesha watoto wanaoharisha imetiwa potasiamu pia. Kikipanda mno, hatari ni kubwa zaidi, kwani mara nyingi hapana dalili yoyote mpaka moyo wenyewe uanze kuyumba. Udhaifu wa miguu aliouona bi mkubwa ulikuwa ni onyo ambalo wengine hawalipati.

Mlinzi wa kipimo hicho ni figo. Takriban sehemu tisa katika kumi za potasiamu inayotolewa mwilini hupitia kwa figo na kutoka kwa mkojo. Figo zikiwa nzima, mtu anaweza kula ndizi tatu na bakuli la mchicha, na kabla ya siku kwisha ziada imeshatolewa. Tena zinapopata potasiamu ya kutosha, figo hizo huachilia sodiamu zaidi itoke, na kuta za mishipa ya damu hulegea. Hapo ndipo presha inaposhuka. Zikiwa zimechoka, ziada haina pa kutokea, na kile kilichokuwa dawa kwa mtoto hugeuka kuwa mzigo kwa mzazi wake.

Kwamba chakula cha aina hii hushusha presha si maneno ya mitaani. Mwaka wa 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu wazima 459, ambao walipewa chakula kilichopimwa kwa wiki nane. Kundi moja lililishwa matunda na mboga kwa wingi pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Chumvi yao haikupunguzwa, wala hawakukondeshwa. Hata hivyo, kwa wale waliokuwa na shinikizo la damu, kipimo cha juu kilishuka kwa takriban alama 11 wakilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida cha Kimarekani. Kushuka huko kwakaribia kule kunakoletwa na kidonge kimoja. Lakini lililowafaa ni chakula kizima, si tunda moja lililopewa sifa za ajabu, wala si vidonge vya potasiamu, ambavyo hakuna anayefaa kujinunulia bila ya daktari.

Je, kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima mwenye figo nzima apate angalau miligramu 3510 za potasiamu kwa siku kutokana na chakula, na chumvi isizidi gramu 5, ambazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa ile ya mchuzi, ya mkate na ya achari pamoja.

Ndizi ndiyo iliyopata jina, na haistahili jina hilo peke yake. Ndizi mbivu ya kiasi ina miligramu 420 hivi, kwa hivyo anayetegemea ndizi tu atalazimika kula nane na zaidi kwa siku. Kikombe cha mchicha uliopikwa kina karibu maradufu yake, miligramu 840. Kikombe cha mbaazi zilizoiva hupita 600. Kiazi kitamu cha kiasi kilichochomwa na ganda lake kina 540, nusu ya parachichi kubwa hukaribia 480, chungwa 240, na gilasi ya maziwa 350. Mapera, fenesi, shelisheli, ukwaju, maboga, ndizi za kupika, maharage na samaki vyote vimo katika safu hiyo. Sasa tazama upande wa pili: kikombe cha wali mweupe kina miligramu 55 tu, na unga mweupe wa mahamri na chapati nao ni maskini vivyo hivyo. Mtu anayekunywa chai kwa mahamri matupu asubuhi, akala wali kwa mchuzi mwepesi mchana na chapati usiku, ataweza kushiba siku nzima asifike nusu ya haja yake.

Hapa tuna lawama kidogo, na tunajilaumu wenyewe kwanza. Futari za bibi zetu zilikuwa hazina upungufu huu. Sinia lilijaa muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, boga na ndizi mbichi, na pembeni maharage au mbaazi. Leo katika nyumba nyingi meza ya futari ni sambusa, katlesi, bhajia na viazi karai, ilhali muhogo umeachwa kama kwamba ni chakula cha wasio na uwezo. Unga mweupe, mafuta na chumvi vimechukua mahali pa mizizi na mboga. Hatusemi sambusa zisipikwe, tungeonekana wanafiki. Tunasema zisiwe ndizo futari yenyewe.

Na chumvi imezidi katika pande ambazo hatuziangalii. Viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi. Ng'onda na papa mkavu wametiwa chumvi mpaka mfupani. Magadi ya kulainishia maharage na kunde ni sodiamu, basi anayeyatia kisha akaongeza chumvi ametia sodiamu mara mbili. Maharage yakirowekwa usiku kucha hulainika bila ya magadi, na wala hayapotezi rangi.

Sasa tuyarejee yale maji. Mboga za majani zikikatwa, zikachemshwa kwa maji mengi, kisha maji yakamwagwa, sehemu nzuri ya potasiamu imemwagwa nayo. Viazi vikikatwa vipande vidogo vidogo na kuchemshwa kwa maji tele hupoteza karibu nusu ya potasiamu yake. Kurowekwa tu katika maji baridi, bila ya kuchemshwa, hakupunguzi kitu cha maana. Kwa hiyo mwenye figo nzima na apike mchicha kwa maji kidogo, au kwa unyevu wake wenyewe, na kama yamebaki maji ayaache yawe mchuzi. Viazi na avichemshe vikiwa vizima na maganda yake. Kisamvu ni mbali na kanuni hii, kwani majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa, na maji yake ya kwanza lazima yamwagwe kama tulivyofunzwa.

Mgonjwa wa figo hugeuza kanuni hiyo juu chini. Kwake yeye viazi, muhogo na mboga hukatwa vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, na maji hayo hayaonjwi wala hayafanywi supu. Wala si kanuni hiyo tu inayopinduka. Sisi humwambia kila mtu ale mkate wa unga usiokobolewa. Yeye huenda akaambiwa ale mweupe. Sisi husifu mchuzi mzito wa nyanya. Yeye nyanya ya mkebe imkae mbali, kwa kuwa kadiri nyanya inavyokaushwa ndivyo potasiamu yake inavyojikusanya. Matunda makavu ni vivyo hivyo, na tende ni mojawapo.

Tumejaribu kuipiga hesabu ile gilasi ya asubuhi. Ndizi moja, nusu ya parachichi na tende kubwa tatu hufanya takriban miligramu 1400. Gilasi ya madafu huongeza baina ya 400 na 600. Wagonjwa wa figo walioagizwa wapunguze potasiamu aghalabu huwekewa kikomo cha miligramu 2000 hadi 3000 kwa siku, kulingana na vipimo vyao. Bi mkubwa alikuwa akikikaribia kikomo hicho kabla hajatia tonge la wali kinywani, tena kwa njia ya kinywaji, ambacho hakimshibishi mtu wala hakimwonyeshi kiasi alichokula. Lau angewekewa ndizi mbili, parachichi na tende sita katika sahani, huenda angezisukuma upande. Na hata kwa mwenye figo nzima maji ya nazi yana mpaka: madaktari wa Marekani waliwahi kuandika habari za mtu aliyekunywa chupa nane za maji ya nazi siku moja ya joto kali, akaanguka, na moyo wake ukakutwa umeyumba kwa potasiamu.

Dawa nazo zina mkono katika jambo hili, na hapa ndipo tunapotaka kila msomaji mwenye mgonjwa nyumbani asimame kidogo. Baadhi ya vidonge vya presha, kama vile enalapril, lisinopril, losartan na spironolactone, huifanya potasiamu ibaki mwilini. Vingine, kama hydrochlorothiazide na furosemide, ambavyo humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, huitoa. Watu wawili wenye presha moja, waliokaa jamvi moja, huenda mmoja akahitaji ndizi na mwengine akahitaji kuiepuka, na sababu ni kidonge tu. Basi msiazimane dawa, na msiazimane ushauri wa chakula uliotolewa kwa mtu mwengine.

Iko pia chumvi mbadala, ambayo imeanza kuuzwa katika maduka makubwa. Hii ni chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imetolewa na kutiwa potasiamu. Nchini China ilijaribiwa katika vijiji 600 kwa watu karibu 21,000 ambao wengi wao walikuwa wamewahi kupata kiharusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kwamba kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliopewa chumvi hiyo. Ni habari njema kwa wengi, lakini wenye maradhi makubwa ya figo hawakuingizwa katika jaribio lile, na kwa makusudi. Chumvi hiyo ikitiwa katika chungu cha nyumba yenye mgonjwa wa figo, kila tonge lina potasiamu ambayo hakuna anayeiona. Someni maandishi ya paketi. Mkiona neno “potassium”, muulizeni daktari kwanza.

Na kwa kuwa tumo katika figo, tuseme neno juu ya birimbi, ingawa kosa lake si potasiamu. Tunda hili la achari lina asidi kali inayoitwa oksaliki. Huko Kerala, nchini India, madaktari wamewahi kuripoti watu ambao figo zao zilifeli baada ya kunywa juisi nzito ya birimbi, wengine wakiinywa kama dawa ya kushusha mafuta mwilini. Nduguye, lile tunda la pembe tano ambalo likikatwa hufanana na nyota, ni sumu hasa kwa mgonjwa wa figo, na asiguse hata kipande. Kipande cha birimbi katika achari, kwa mtu mzima wa afya, hakina neno. Juisi yake ndiyo tunayoikataza.

Mtatuuliza: mtu atajuaje kama figo zake ni nzima? Kwa kujihisi, hajui. Figo huugua kimya, na zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake mwenyewe akiwa anakwenda sokoni na kurudi. Wanaozipoteza zaidi ni wenye kisukari na wenye presha ya muda mrefu. Kwa hivyo mume wa dada yetu, ambaye hivi sasa anafurahia juisi yake, naye apimwe. Vipimo ni viwili, damu ya kreatinini na mkojo wa protini, na hapana hospitali ya kaunti isiyovijua. Matokeo yakiwa mazuri, aendelee na matunda yake, ila tungependa ayatafune badala ya kuyanywa, hususan kama sukari yake nayo haijapimwa.

Sasa swali la vyungu viwili. Dada yetu, usipike vyungu viwili. Utachoka kabla ya mwezi kwisha, na ukichoka, chungu kitakachoachwa ni kile cha mgonjwa. Zaidi ya hayo, katika nyumba zetu watu hula sinia moja, na mzazi aliyezoea kukaa kwenye sinia na wajukuu zake akianza kuwekewa sahani yake pembeni na chakula kisicho na rangi, ataacha kula. Tumeliona hilo katika nyumba nyingi. Mgonjwa huyo hakondi kwa figo peke yake.

Wengi hukipika chungu kwa ajili ya wazima, kisha wakahangaika namna ya kumtolea mgonjwa. Ligeuzeni. Chungu na kipikwe kwa ajili ya bi mkubwa, na mwenye presha aongezewe vyake katika vibakuli. Wali mweupe na chapati vinamfaa yeye na havimdhuru mumeo. Samaki au kuku, kipande kisichozidi kiganja chake, hupikwa kwa kitunguu, thomu, tangawizi, bizari, pilipili manga na ndimu, na nyanya moja mbichi badala ya mkebe. Chumvi iwe kidogo, na hili ndilo jambo ambalo wagonjwa wako wawili wanakubaliana kabisa. Tui liwe jepesi, kwani tui zito lina potasiamu yake. Mboga ya sinia iwe kabichi, biringani au tango, ambazo ni nyepesi. Kama ni siku ya viazi, vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, vichujwe, ndipo vitiwe mchuzini.

Kisha uweke vibakuli vya mumeo na watoto: mchicha uliopikwa kwa maji kidogo, mbaazi au maharage, kachumbari ya nyanya na parachichi, ndizi na machungwa. Kwa mpango huo sinia ni moja, na bi mkubwa anaingiza mkono pale pale wanapoingiza wenziwe. Baada ya kula, kama daktari ameruhusu matunda, mpe nusu ya tofaa au kipande kidogo cha nanasi. Tikiti maji si baya kwa uzito wake, ila watu hawali kipande, hula ubavu mzima. Na lile chungwa unaloogopa kumkatia, usilikatae wala usilitoe kabla hamjaulizana na mtaalamu wa lishe wa kliniki ya figo. Huenda akaruhusiwa nusu, mara mbili kwa wiki, vipimo vikiwa vimetulia. Kiasi hicho hatuwezi kukipanga sisi gazetini. Siku ya kliniki chukua mfuko wenye dawa zake zote, zikiwemo za mitishamba, uwekwe mezani mbele ya daktari, na uulize waziwazi: K yake ni ngapi leo, na ipi katika dawa hizi inaipandisha?

Ramadhani nayo ina swali lake, kwani kufuturu kwa tende ni sunna ambayo mzazi wa umri wake hataiacha kwa urahisi. Kama atafunga au hatafunga, hilo ni la daktari wake pamoja na shekhe wenu, na mgonjwa amepewa ruhusa ambayo si aibu kuitumia. Akifunga kwa idhini yao, tukumbuke kwamba tende si sawa zote. Ile kubwa laini ya kisanduku ina takriban miligramu 165 kila moja, ilhali ile ndogo kavu haifiki 50. Tende moja ndogo na maji humtosha kufuturu, na sahani ya tende iliyobaki ielekezwe upande wa pili wa jamvi.

Mwisho wa barua yake dada yetu ameongeza swali la mavyaa mwenyewe, na tumeona ni haki lijibiwe. Bi mkubwa anauliza kama mnazi wake wa uani, alioupanda mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza, sasa haumhusu tena. Unamhusu, bibi yetu. Nazi zake zikikomaa zitatoa tui jepesi la sinia lako. Madafu ndiyo tunayokuomba uyaache mpaka daktari aseme vinginevyo; waangulie wajukuu.

Wassalaam.